Kitambaa Cheupe na Maji ya Boko

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Mume wangu Gaudens anasema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Mimi nasema yeye alizaliwa na usingizi, na ndiyo maana tumekaa pamoja miaka thelathini na nne bila kuuana. Lakini hasira niliyoipata Jumatano ile ya Agosti, nikiwa nimesimama mbele ya kamba yangu ya kuanikia pale Boko, ilikuwa ya aina nyingine. Hata kupiga kelele nilishindwa.

Kwenye kamba kulikuwa na vitambaa saba vya altare. Nilivipokea vyeupe, na sasa vilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma.

Ngoja nieleze vilifikaje kwangu. Tulipokuwa tumepanga Tabata, nilifua vitambaa vya altare kwa miaka kumi na moja, na padri mmoja aliwahi kuwaambia waamini kwamba weupe wa altare yao unatoka kwenye mikono ya Mama Allen. Sifa ile niliila kama karanga, punje mojamoja, mwaka mzima. Gaudens alipostaafu ukarani tukahamia Boko, kwenye nyumba yetu wenyewe, nami nikaenda kigangoni, kwenye kanisa dogo la pale, kujitolea kwa kazi ileile. Hapo kazi ilikuwa ya dada Eufrazia, mama wa miaka sabini na kitu, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kuinama kwenye beseni. Alinikabidhi, lakini kwa shingo upande.

“Nakupa hivi vya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango,” aliniambia Jumatatu, akivitoa kimoja kimoja kwenye mfuko. “Hiki kikubwa nilikitarizi mwenyewe, unaona ua hili hapa pembeni. Jumapili vikiwa vizuri, kazi ni yako moja kwa moja. Vikiwa vibaya, mdogo wangu, tusilaumiane, nitavirudisha kwangu na magoti yangu haya haya.”

“Dada, mie hivi vitu nimevifua miaka kumi na moja.”

“Tabata,” akasema, akatabasamu. “Huku ni Boko.”

Alijua alichokuwa anasema. Bomba lilikuwa limefika kwake, kwetu bado, kwa hiyo Gaudens alikuwa amechimbisha kisima uani. Siku maji yalipotoka tulikumbatiana mbele ya mafundi kama vijana. Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini ya ndoo. Tukayaacha, tukaingia ndani kula, tulipotoka tukayakuta mekundu kama chai ya rangi. Na chai yenyewe ukiipika kwa maji hayo inatoka nyeusi kama wino, na ndizi zetu za Bukoba zinaiva zikiwa na rangi ya lami. Jirani yangu Somoe, mwenyeji wa Lindi, anayeuza chai na maandazi pale kona, alikuwa akinichungulia juu ya ukuta kila asubuhi na kuniuliza, “Shoga, leo mna soda gani? Ya kola au ya chungwa?” Nilikuwa ninacheka huku naumia.

Tukawa tunanunua maji ya kunywa kwa madumu, na ya kisima tunafulia nguo nyeusi na kudekia. Ningeweza kununua madumu ya kufulia vitambaa pia, kweli, na Jumapili ingepita. Lakini kazi ya altare ni ya kila wiki, mwaka baada ya mwaka, na mtu hawezi kufua kwa madumu maisha yake yote wakati ana kisima uani. Nilitaka kufua kwa maji yangu. Nilitaka Eufrazia ajue kwamba Boko nayo inafulika.

Basi Jumatano nikajifungia uani na vitambaa vyangu. Nilijua maji yetu yana tabia mbaya, nikasema dawa ya tabia mbaya ni jiki. Nikatia kifuniko kimoja, maji yakageuka manjano palepale. Nikatia cha pili, yakawa rangi ya chungwa. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikaona yananidharau, nikamalizia chupa nzima, nikavizamisha vitambaa vyote saba na kuvikandamiza kwa mikono miwili kama ninayemzamisha adui.

Somoe alipochungulia alasiri hakuniuliza habari za soda. Aliangalia kamba, akaniangalia mimi, akazunguka akaja mlangoni.

“Hii kutu, Mama Allen.”

“Kutu ya nini? Sikuanika kwenye waya, ni kamba ya katani!”

“Kutu ya majini. Mume wangu Ismail kazi yake visima, kajengea kwa watu kibao huko Ukonga, ananiambiaga. Maji yana chuma ndani yake, kimeyeyuka kama chumvi, hukioni. Kikishapata upepo au dawa ndo kinajitokeza kuwa kutu. Sasa wewe umekimwagia chupa nzima ya jiki, umekiita kwa tarumbeta. Kimetoka chote, kimekaa kwenye nguo.”

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia. Nasema kweli, nililia, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilimwona Eufrazia akivikunja vitambaa vile na kuvirudisha kwenye mfuko wake bila kusema neno, na kule kutosema kwake ndiko kulikoniuma zaidi. Ningeweza kuchukua ndoo mbili nikaenda kumwomba maji ya bomba, nyumba ya nne kutoka kwetu. Afadhali nitembee kwa miguu mpaka Ukonga nikaombe gerezani.

“Nyamaza,” Somoe akasema. “Kutu ina mkwe wake, anaitwa ndimu. Kesho jua likitoka, tukamue ndimu zako zote, tutie chumvi ya mawe. Kanzu ya Ismail ya Idi nimeiokoa hivyo mara mbili.”

Alhamisi tulikamua ndimu mpaka vidole vikatuwasha. Tukavitandaza vitambaa juu ya mabati, tukavipaka maji ya ndimu na chumvi, jua likafanya kazi yake. Kutu ikaanza kufifia, kwanza kingo, halafu katikati. Nilikuwa nikipita mara kwa mara nikivisifu kimoja kimoja kama watoto waliofaulu mtihani.

Nilipofika kwenye kile kikubwa nikakigeuza ili ndimu ipenye upande wa nyuma, na hapo ndipo nilipoliona. Nyuma ya ua lile lililotariziwa pembeni, mahali ambapo nyuzi zimefungwa, kulikuwa na doa la kahawia kubwa kama kizibo cha soda. Doa la zamani sana, kwani nyuzi zilikuwa zimeshonwa juu yake. Kisha nikaita kwa sauti iliyofika barabarani.

“Somoe! Njoo uone!”

Somoe alikuja mbio akidhani nimeungua. Akaangalia doa, akaangalia ua, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga yake.

“Huyu naye alikuwaga na soda yake!”

Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na huyu wa kwetu alikuwa amelitarizia ua kabisa. Moyo wangu uliruka kwa furaha isiyo ya Kikristo hata kidogo. Palepale nikaanza kutunga sentensi nitakayomwambia Jumapili mbele ya akina mama wote, fupi, tamu, yenye sumu kidogo mwishoni.

Furaha hiyo haikufika jioni. Baada ya ndimu ilibidi nivifue kwa sabuni na kuvisuuza, na maji yalikuwa yaleyale ya kisima. Nilivisuuza vikiwa vyeupe. Vilipokauka vilikuwa na umanjano wa meno ya mvuta tumbaku. Nikaingia ndani, nikavitupa juu ya kiti, nikamwambia Gaudens kisima chake akifukie.

Gaudens nikiwaka hunyamaza, kisha asubuhi husema jambo lake.

Sasa lazima niseme habari ya Gaudens na chai. Mume wangu hanywi chai ya moto kama binadamu wengine. Anachukua kikombe mkono huu, bakuli mkono ule, anainua kikombe mpaka usawa wa bega na kumimina, chai inashuka kama kamba, halafu anaimimina tena kurudi kwenye kikombe, mara tano, mara sita, mpaka ipoe. Alijifunza kwa mama yake huko Muleba, kwenye uji. Nilivumilia tulipokuwa wawili, lakini mbele ya wageni nilimpiga marufuku tangu mwaka Allen alipobatizwa. Mtu mzima, karani, anacheza na chai kama mtoto!

Ijumaa asubuhi alikuwa anamimina, nami nilikuwa namkodolea macho nikitafuta pa kuanzia ugomvi.

“Mama Allen,” akasema bila kuacha kumimina, “unajua chai inapoa kwa nini nikifanya hivi?”

“Kwa sababu mama yako hakukuchapa.”

“Inakutana na hewa.” Akaweka kikombe chini. “Na maji yetu juzi Somoe alisema nini? Yakipata hewa, chuma kinajitokeza kuwa kutu. Sasa sie kila siku tunasubiri kijitokeze kwenye nguo. Kwa nini tusikimimine kijitokeze mapema, hukohuko kwenye ndoo, kabla hakijaiona nguo?”

Nikainuka nikatafuta ndoo.

Tukatoka uani. Alivuta ndoo mbili za maji mapya, maangavu. Moja akaijaza mpaka juu na kuifunika. Ya pili akaanza kuimimina kwenye ndoo nyingine kutoka juu ya ngazi za jikoni, akiichukua na kuirudisha, mara thelathini, fulana imemlowa, mimi nikimhesabia kwa kejeli. Kisha nikaenda kuchambua mchele. Nilipomaliza nikarudi, yale ya kumimina yalikuwa mekundu kama udongo wa kwetu Bukoba. Nikafunua yale mengine, bado maangavu.

“Hiyo nyekundu,” Gaudens akasema, “ndiyo iliyokuwa inakusubiri.”

Somoe alipopata habari alimleta mumewe. Ismail alifika na toroli la mchanga wa mtoni na kokoto, akatusikiliza, akatikisa kichwa taratibu kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwingine.

“Mzee wangu, umepatia. Kutu ikishatoka inakuwa chembe, na chembe mchanga unaidaka. Ila usitumie huku kumimina kwa mkono, utakufa na mgongo.”

Akachukua msumari na nyundo, akaitoboa ndoo moja chini matundu mengi kama ya chujio, akaitundika juu ya pipa, mbali nalo kiasi cha mkono mzima. Ukitia maji humo yanashuka kama mvua ya manyunyu, kila tone likipigwa na upepo njiani. Ndoo ya pili, yenye bomba dogo chini, tukaitia kokoto, juu yake mchanga, juu kabisa kitambaa cha zamani. Tukajaza maji yaliyokwisha kushuka kwa matundu, tukafungua bomba, tukasubiri wote wanne tumeinama.

Yakatoka matope matupu.

“Mchanga uliuosha?” nikamuuliza Gaudens, maana kazi ya mchanga alipewa yeye.

“Kwani mchanga nao unaoshwa?”

Yale niliyosema hapo hayaandikiki kwenye hadithi yenye vitambaa vya altare ndani yake. Tukaumwaga mchanga wote, tukauosha kama mchele, maji saba, mpaka maji ya kuoshea yakawa hayabebi vumbi tena. Mpaka tunamaliza jua lilikuwa limeelekea kuzama. Tukajaza pipa kwa manyunyu, tukalifunika, Ismail akatuambia tuliache lilale, lisitikiswe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa wa kwanza uani. Chini ya pipa kulikuwa kumelala utando wa kutu, laini kama unga wa ulezi. Juu yake maji yalikuwa yametulia. Niliyachota kwa jagi taratibu, juu juu, nikayapitisha kwenye mchanga, na kwenye bomba dogo yakatoka maangavu. Lakini maji yetu yalikuwa yameshanidanganya yakiwa maangavu. Sikuyaamini.

“Tuyapike chai,” Somoe akasema kutoka ukutani. “Chai haina unafiki.”

Alileta majani yake mwenyewe na sufuria yake mwenyewe, asije mtu akasingizia masizi ya kwangu. Maji yakachemka, akatia majani. Tuliangalia ndani ya sufuria kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Rangi ilikuja polepole, ya dhahabu kwanza, ikakolea, nami nikawa nashika msalaba wa rozari shingoni nikisubiri weusi ule wa wino. Haukuja. Ikawa nyekundu, nyekundu nzuri ya chai, na ungeweza kuona majani yamelala chini.

Somoe alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakabweka. Mimi nilimkumbatia Gaudens kwa nguvu, nikamwachia haraka, maana nilikuwa bado sijamsamehe habari ya mchanga.

Nilifua. Maji ya kwanza ya vitambaa vya altare hayamwagwi mtaroni wala chooni, humwagwa kwenye udongo safi, kwa hiyo niliyapeleka kwenye migomba ya Gaudens. Kisha ndimu tena, kisha sabuni, kisha nikasuuza mara tatu kwa maji yangu mwenyewe. Bila tone la jiki. Doa lile la nyuma ya ua nililifanyia kazi peke yake, kwa ndimu na kidole, bila kukata uzi hata mmoja, mpaka likaisha. Sijui kwa nini. Kama ningetaka ushahidi ningeliacha. Nadhani mikono yangu haijui kuacha doa, hata ikiwa mdomo ungependa.

Alasiri vitambaa saba vilikuwa kwenye kamba, jua likavipiga, ikabidi nikunje macho.

Jumapili nilivipeleka mapema sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Eufrazia alikuwa ananisubiri na akina mama wengine wawili. Alivichukua kimoja kimoja, akavinusa, akavinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye pindo. Alipofika kwenye kile kikubwa akaanza kukigeuza, akielekea kwenye ile pembe, na nikaona vidole vyake vinasita.

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeilalia siku tatu. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka, na wale akina mama wawili walikuwa wananitazama. Lakini niliona vile vidole, nikajiona mimi mwenyewe Jumatano nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaufunga mdomo. Gaudens hadi leo haamini.

Eufrazia akageuza pembe. Nyuma ya ua kulikuwa kweupe. Akalitazama kwa muda, akalisugua kwa kidole gumba, akalitazama tena. Kisha akaniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

“Miaka kumi na minne,” akasema kwa sauti ya chini. “Nilitarizi usiku kucha, na padri akanisifu. Kila nikikitandika naogopa mtu atakigeuza.” Halafu akaanza kucheka, kicheko cha msichana, mpaka ikabidi akae kwenye kiti cha watumishi. “Umefanyaje, wewe mtoto?”

“Kwa maji ya Boko, dada,” nikasema.

Baada ya misa alikataa kwenda kwake. Akasema anataka kukiona hicho kitu, magoti yake na yote. Alizunguka pipa letu, akatia mkono chini ya manyunyu, akamwita Gaudens injinia, naye Gaudens akatembea siku nzima kifua mbele. Kazi ya vitambaa akasema ni yangu, hata asingesema hivyo nisingemrudishia. Kisha akauliza kama tunaweza kumtengenezea na yeye, maana kisima chake cha zamani bado kipo nyuma ya nyumba, alikifunika kwa bati na kukaa kimya.

Tukaketi sebuleni, Eufrazia, Somoe, Ismail, na sisi wawili. Nikaleta chai ya maji ya kisima kwenye vikombe vya glasi nilivyokuwa sijavitoa kabatini tangu tuhame, kwa aibu ya rangi. Ilikuwa nyekundu, inapitisha mwanga, na ilikuwa ya moto kama kuzimu. Watu wakawa wanapuliza. Gaudens aliishika glasi yake kwa ncha za vidole, akaniangalia, akaangalia wageni, akairudisha mezani kwa adabu, kama mtu anayejua sheria za nyumba.

Nikaenda jikoni, nikachukua bakuli, nikarudi nikaliweka mbele yake.

“Mimina, Baba Allen,” nikamwambia. “Na usimame kabisa, wakuone.”